Kabla ya "Mwisho wa Siku": Historia ya Namna Kiswahili Kinavyofunga Hoja

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kirai *mwisho wa siku* kama kinavyotumiwa leo kwa maana ya nahau ya Kiingereza *at the end of the day*. Yanaonesha kuwa juhudi za kukitafutia kibadala zimekwama kwa sababu zimetafuta neno moja, ilhali Kiswahili kilikuwa na njia kadhaa za kufunga hoja, kila moja na kazi yake. Inadaiwa kuwa kasoro ya kirai hiki haimo katika asili yake ya kigeni. Imo katika wajibu kinaomwondolea msemaji.

1. Utangulizi

Haichukui muda mrefu, mtu anaposikiliza mahojiano ya Kiswahili redioni, kabla hajakutana na kirai *mwisho wa siku*. Mbunge anakitumia, kocha wa mpira anakitumia, na mtafiti aliyealikwa kueleza matokeo ya utafiti wake anakitumia pia. Ni tafsiri sisisi ya nahau ya Kiingereza, na kila anayejua lugha hizo mbili anaitambua mara moja. Walinzi wa lugha wamekikemea kwa muda sasa, na dawa wanayoitoa karibu wote ni moja: sema *hatimaye*. Ni dawa hiyo, kuliko kirai chenyewe, iliyonisukuma kuandika. Tuitazame katika sentensi mbili:

(1) Mwisho wa siku, wananchi ndio watakaoamua.
(2) Mwisho wa siku, mwalimu naye ni binadamu.

Katika (1), *hatimaye* inakaa vizuri. Wananchi wataamua baada ya mambo mengine kutangulia, na kielezi cha wakati kinatosha. Katika (2) tunapata *Hatimaye, mwalimu naye ni binadamu*, yaani kana kwamba hadi juzi alikuwa kiumbe kingine na sasa, baada ya kungojwa sana, amebadilika. Msemaji hakukusudia hivyo. Alikuwa akipima mambo, wala hakuwa akisimulia mfuatano wake. Kwa hiyo sentensi mbili zenye kirai kilekile zinafanya kazi mbili tofauti, na kibadala kinachofaa katika moja kinaiharibu nyingine. Swali la kihistoria linalofuata ni hili: kabla kirai hiki hakijaingia, Waswahili walizifanyaje kazi hizo?

2. Nahau yenyewe huko ilikotoka

Kwa Kiingereza, maneno hayo yalikuwa na maana yake ya wazi, yaani jioni, kazi inapokoma. Matumizi ya kisitiari yalishamiri katika nusu ya pili ya karne ya 20, hasa katika mazungumzo ya siasa, biashara na michezo, hadi yakawachosha Waingereza wenyewe. Mwaka 2004, asasi ya Plain English Campaign ilipowauliza wafuasi wake ni msemo gani uliochakaa unaowaudhi zaidi, huu ndio ulioshika nafasi ya kwanza. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wangu, ambao hudhani kwamba anayelalamikia msemo wa Kiingereza lazima awe Mswahili mwenye kinyongo.

Mfano mmoja unaonesha vizuri jinsi maana mbili zilivyoshikana. Tamthilia ya muziki *Les Misérables* ilipowekwa jukwaani kwa Kiingereza jijini London mwaka 1985, wimbo wa mafukara na wafanyakazi ulipewa jina la nahau hii. Katika toleo la awali la Kifaransa, jina la wimbo lilisema tu kwamba siku imekwisha. Kiingereza kiliweza kusema mambo mawili kwa pamoja, kwamba zamu imekoma na kwamba hesabu ya maisha ya maskini ndiyo hiyo. Kifaransa hakikuwa na uwezo huo, kwa kuwa wasemaji wake wanapotaka maana ya pili husema *au bout du compte*, mwishoni mwa hesabu. Wajerumani nao wana *unterm Strich*, chini ya mstari, pale jumla inapoandikwa. Lugha hizo mbili pia zimevamiwa na tafsiri sisisi ya nahau ya Kiingereza, na zina walalamikaji wao. Tuishike taswira hii ya hesabu, maana tutakutana nayo tena pwani ya Afrika Mashariki.

3. Siku ya Mswahili inaishia wapi?

Taswira ya Kiingereza inategemea siku inayofungwa kama duka. Mtu anafika jioni, anatazama nyuma, anatoa hukumu. Siku ya jadi ya Waswahili haikupangwa hivyo. Kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu, siku mpya ilianza jua linapozama, na usiku ulitangulia mchana wake. Kwa wazee wa pwani, *usiku wa Ijumaa* ni ule unaoingia Alhamisi baada ya magharibi. Mkanganyiko uliotokea hesabu hiyo ilipokutana na siku inayoanza saa sita usiku ulitatuliwa na wanahabari kwa ufundi ambao haujasifiwa vya kutosha: waliandika *usiku wa kuamkia Ijumaa*, na kila msomaji, wa hesabu yoyote, akaelewa.

Lugha ina msamiati tele wa ukingo huo wa siku. Kuna *kucha* na *kuchwa*, vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa sauti moja na kutenganishwa na mwangaza wote wa mchana. Kuna *kutwa*, ambayo imedumu hadi dirisha la dawa, ambapo mgonjwa huambiwa ameze vidonge *kutwa mara tatu*. Kuna *machweo*, *magharibi*, *jioni*. Lakini maneno haya hayakuwahi kuwa nahau ya kutolea hukumu. Methali zinadokeza sababu. *Siku njema huonekana asubuhi*, husema Waswahili, na wengine husema *nyota njema huonekana alfajiri*. Katika mtazamo huo, siku hupimwa inapoanza. Anayetaka kusema kwamba mambo yana ukomo wao hutafuta taswira nyingine kabisa: *mbio za sakafuni huishia ukingoni*. Hapo mwisho ni mahali, na aliyekimbia atauona kwa macho yake.

Isitoshe, mahali ambapo kirai hiki kilitaka kuingia palikuwa pamekaliwa. *Siku ya Mwisho* kwa Mwislamu ni kiyama, na *siku za mwisho* kwa Mkristo ni lugha ya unabii. Kwa msikilizaji aliyelelewa na mawaidha au mahubiri, kuunganisha *mwisho* na *siku* kuliamsha hofu nzito kuliko ile aliyoikusudia kocha anayeeleza kwa nini timu yake imetoka sare.

4. Hatima, tamati na muradi

Tuanze na *hatimaye*, kwa kuwa ndiyo inayopendekezwa kila mara. Ni *hatima* yenye kiambishi milikishi, sawasawa na *mwishowe* ilivyo *mwisho* yenye kiambishi hichohicho. *Hatima* imetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupa pia *hitimu*, *mhitimu*, *hitimisho* na *hitima*. Ukoo huu una historia ya chuoni. Mtoto aliyehitimu alikuwa amesoma juzuu zote 30 za Kurani, na hitima ni kisomo kinachokamilishwa, hasa kwa ajili ya marehemu. Katika yote hayo kuna kitu chenye mpangilio kilichopitiwa hatua kwa hatua hadi kikaisha. Ndiyo maana *hatimaye* hudai mfuatano. Haiwezi kusimama mbele ya kauli isiyo na kabla wala baada, na ndiyo maana iliivunja sentensi yetu ya (2).

*Tamati* nayo ni ya wanakili. Ni kauli ya Kiarabu, "imetimia", ambayo waandishi wa miswada kwa hati ya Kiarabu waliiweka mwishoni mwa maandishi, na ambayo baadaye ikawa nomino ya Kiswahili. Inafunga matini na haifungi hoja. Hatuhitaji kukaa nayo.

*Muradi* inastahili zaidi. Kwa asili ni kile kinachokusudiwa, na kutokana nayo tuna *ilmuradi*, *alimradi* na *mradi*. Karne ya 20 iliichukua *mradi* ikaipeleka ofisini, ikawa neno la visima, barabara na wafadhili, na wanafunzi wengi wa leo hawajui kuwa kabla ya kuwa na bajeti lilikuwa na kusudi. Lakini kama kiunganishi, neno hili lilifanya kazi ambayo sasa inafanywa vibaya na *mwisho wa siku*:

(3) Sote tulipotea njia, lakini mwisho wa siku tulifika.
(4) Sote tulipotea njia, alimradi tumefika.

Sentensi ya (3) inatoa taarifa. Ya (4) inasema kuwa kufika ndiko kulikokusudiwa, na kwamba kupotea hakuhesabiwi tena. Msamaha umo ndani ya kiunganishi. Vivyo hivyo, mtu anayesema *mwisho wa siku ninachotaka ni haki yangu* alikuwa na *muradi wangu ni haki yangu*, kauli fupi zaidi na kali zaidi.

Kuna pia njia ya vitenzi, ambayo kamusi haziwezi kuionesha kwa urahisi kwa kuwa si neno. *Mwisho wa siku tutalipa*, husema mwananchi kuhusu kodi mpya. Babu yake angesema *tutake tusitake, tutalipa*, au *tulie tusilie*. Kitenzi kinayakinishwa kisha kinakanushwa, na kati ya pande hizo mbili hakuna pa kutokea. Sijui lugha yoyote niliyosoma inayolifanya jambo hili kwa silabi chache kama hizo.

Katika usimulizi, hatimaye, kazi kubwa ilifanywa na maneno mawili madogo, *hata* na *basi*. Anayesoma ngano zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 ataona jinsi *hata* inavyosogeza wakati mbele na *basi* inavyofunga kipande kimoja cha kisa ili kingine kianze. *Basi* ni neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya kutosha, na maana hiyo bado inasikika: yaliyosemwa yanatosha. Mahali pengi ambapo mzungumzaji wa leo hutia *mwisho wa siku* ili apumue, *basi* ingemfaa, nayo ina silabi mbili tu.

5. Yote tisa, kumi

Kwa sentensi ya (2), yaani ile ya kupima mambo, kauli ya Kiswahili iliyo karibu zaidi ni *yote tisa, kumi...* Mzazi anaorodhesha ada, sare, madaftari na nauli, kisha anasema: *yote tisa, kumi ni afya ya mtoto*. Mengine yote, hata yangekuwa mazito namna gani, yamefika tisa. Hili moja ndilo linalotimiza. Hapa tunarudi kwenye hesabu ya Wafaransa na mstari wa Wajerumani, isipokuwa kwamba Mswahili hakuhitaji daftari. Vidole vilimtosha.

Ndani ya kauli hii imo historia ya lugha nzima. *Kumi* ni neno la Kibantu. *Tisa* limetoka Kiarabu, kama *sita* na *saba*, na lililisukuma pembeni neno la awali, *kenda*. *Kenda* halikufa. Limo katika ushairi, limo katika jina la Mijikenda, watu wa miji tisa, kama vile saba ya kale ilivyojificha katika *fungate* ya maharusi. Kwa hiyo kauli ambayo mtetezi wa usafi wa lugha angeishika kama mfano wa Kiswahili kisicho na doa ina neno la mkopo katikati yake, limekaa ubavuni mwa neno la urithi, na hakuna anayeona mshono. Naeleza haya kwa sababu hoja ya "ni la kigeni" haina nguvu. Kama asili ya kigeni ingekuwa kosa, tungeanza kwa kuifuta *hatimaye*.

Tofauti iliyopo ni ya wajibu. Anayesema *yote tisa* lazima awe ameyataja hayo tisa, au angalau ajue kuwa msikilizaji anayajua. Akianza nayo kabla hajasema lolote, ataulizwa: yepi? Na baada ya *kumi* analazimika kuleta jambo lenye uzito; akileta jambo jepesi, watu hucheka. Kauli hii ina masharti mbele na nyuma. *Mwisho wa siku* haina sharti lolote. Inaweza kufungua mazungumzo, kuyafunga, kukaa katikati, kutanguliwa na hoja au kutotanguliwa na kitu. Inampa msemaji sauti ya mtu aliyekwisha kupima kila jambo, bila kumdai aoneshe mizani.

6. Ilivyoingia

Kwa nini basi njia zote hizo ziliachwa? Sehemu ya jibu imo katika historia ya kamusi. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alieleza maneno kwa mifano na maelezo marefu, wakati mwingine marefu kupita kiasi. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, haja ilikuwa vitabu vya shule vyenye tahajia moja. Kamusi mbili za mwaka 1939, zilizohusishwa na Frederick Johnson, zilitumikia haja hiyo vizuri sana, na ziliwazoesha watumiaji wake kutafuta neno kwa neno. BAKITA ilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na pia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa, kazi ya istilahi ilielekezwa hasa kwenye nomino: majina ya vyombo vya serikali, ya sayansi, ya siasa. Hivyo ndivyo ilivyopasa, kwa kuwa nchi mpya ina vitu vingi vya kupewa majina. Lakini viunganishi, na vifungo vya hoja kwa jumla, havikuwa katika orodha ya mtu yeyote.

Lugha hiyohiyo ilipokea bila kelele tafsiri sisisi kama *vita baridi* na *mkutano wa kilele*. Zilikuja na vitu vyake, na vitu hivyo havikuwa na majina. *Mwisho wa siku* haikuja na kitu.

Wengi huwalaumu watafsiri wa habari. Mimi naona lawama hiyo imekosea mlango. Mtafsiri wa habari ana kalamu na mhariri, na muda, hata kama ni mchache, wa kufuta. Naamini kirai hiki kilienea kwa mdomo, katika mazungumzo ya moja kwa moja. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi Tanzania, na Kenya nayo ilifungua mawimbi yake katika muongo huo. Muda wa hewani uliongezeka kupita idadi ya maandishi yaliyoweza kuandaliwa, ukajazwa na wageni wanaozungumza papo kwa papo, wengi wao wakiwa wamesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza. Mtu aliyejifunza kujenga hoja kwa Kiingereza, akaombwa aijenge kwa Kiswahili mbele ya kipaza sauti, hubeba bawaba za nyumba aliyojengea kwanza. Sina nia ya kumlaumu. Hakuna mahali shuleni alipofundishwa kwamba Kiswahili kina bawaba zake.

Kwa sababu hiyo siungi mkono orodha za maneno yaliyopigwa marufuku. Katika soga, *mwisho wa siku* haimdhuru mtu. Ikifutwa bila kuwekwa chochote mahali pake, mara nyingi sentensi hubaki nzima, na hicho ni kipimo kizuri cha kumpa mwanafunzi: futa kwanza, kisha uone kama kuna kilichopungua. Kikipungua kitu, ndipo aulize ni wakati, ni kusudi, ni lazima au ni uzito, achague kati ya *mwishowe*, *alimradi*, *tutake tusitake* na *yote tisa*.

7. Mahakamani

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo jambo hili si la mtindo. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hukumu zilizozoeleka kuandikwa kwa Kiingereza sasa zinatafsiriwa au zinaandikwa upya kwa Kiswahili, na nahau yetu ni mgeni wa kudumu katika hukumu za Kiingereza, hasa pale hakimu au jaji anapotoka kwenye uchambuzi kwenda kwenye uamuzi. Mtafsiri aliyezoea redio ataandika:

(5) Mwisho wa siku, madai haya yanatupiliwa mbali.

Kwanza, *siku* katika sheria ni kipimo. Kuna siku za kuwasilisha utetezi, siku za kukata rufaa, siku za kutekeleza amri. Neno hilo likiwekwa ovyo ndani ya uamuzi, mdai asiye na wakili anaweza kuuliza ni siku ipi iliyofika mwisho, na hatakuwa amekosea kuuliza. Pili, na hili ndilo zito, sentensi ya (5) inaonesha kuwa uamuzi umekuja kwa sababu mambo yamefika mwisho, kama jua linavyozama. *Hatimaye* isingesaidia; ingesikika kana kwamba mahakama imepumua baada ya kungoja kwa hamu kuyatupa madai hayo. *Yote tisa* ni ya barazani, na jaji hawezi kuitumia. Lugha ya sheria ya Kiswahili ina kifungo chake tayari, nacho hakina sitiari hata moja:

(6) Kwa sababu hizo, madai haya yanatupiliwa mbali.

Kionyeshi *hizo* kinarudi nyuma kwenye aya zilizotangulia na kuzishika zote. Kama sababu hazikutajwa, kionyeshi hakina pa kushika, na udhaifu wa hukumu unaonekana katika sarufi kabla hata mwanasheria hajaugusa. Mdai aliyesomewa sentensi ya (5) anarudi nyumbani akijua tu kuwa shauri limekwisha. Aliyesomewa ya (6) anaweza kufungua nakala ya hukumu, akarudi kwenye aya za juu, akazihesabu sababu hizo moja baada ya nyingine, siku za kukata rufaa zikiwa bado hazijapita.